Makopo Yanayopigana

Chumba cha habari kizima kilimwita Mbishi, na jina hilo alilipata kwa sababu ya filamu moja. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mhakiki wa sinema asiye na hata meza yake mwenyewe, filamu ile ilipotoka: mji unaotawaliwa na mashine, na mwanamke mfagiaji wa hospitali anayeziangusha moja baada ya nyingine kwa akili na kipande cha nondo. Magazeti yote yaliicheka. Yeye alitoka ukumbini, akaandika kwamba wengine wataiiga filamu hii kwa miaka mingi, ingawa nusu saa yake ya mwisho inachechemea.

Mhariri mkuu alizisoma kurasa zake mbili, akazitupa kapuni.

"Binti, makopo yanayopigana ndiyo unaniletea kama kitu cha maana?"

Akaandika uhakiki wake mwenyewe, akaupa kichwa hichohicho: Makopo Yanayopigana. Mbishi alipogoma kuweka jina lake chini ya maneno yale, alihamishiwa matangazo ya vifo. Akakaa huko miaka sita, akipokea picha za marehemu kutoka kwa wajane na kusahihisha majina ya wajukuu.

Miaka thelathini ikapita. Filamu ile sasa inafundishwa vyuoni, na mabinti wanaoigiza mapigano husema walianza kwa kumtazama yule mfagiaji. Mhariri mkuu naye alikuwa amepanda hadi mwenyekiti wa bodi. Asubuhi moja akamwita Mbishi, aliyekwisharudishiwa sinema zake na kuota mvi.

"Mama, tunatoa toleo maalumu kuhusu filamu yetu ile."

"Yetu tangu lini, mzee?"

Mwenyekiti alicheka kidogo, kama mtu aliyejikwaa mbele ya wageni. "Andika tu kwamba gazeti hili lilikuwa la kwanza kuutambua ubora wake. Na kwamba haina dosari. Wasomaji wanaiabudu."

"Gazeti lilisema ni makopo. Na dosari inayo. Mwisho wake unachechemea mpaka leo."

"Nani anakumbuka?"

"Mimi."

Akateremka hadi chumba cha kumbukumbu, akapekua majalada mpaka vumbi likampigisha chafya, akaupata uhakiki wa mzee. Wake haukuwepo popote. Ulikwenda na taka. Basi akakaa akaandika upya: alichokiona siku ile, kilichochapishwa, nani alikiandika, na kwa nini anaipenda filamu ile bila kuipigia magoti. Pembeni akaweka nakala ya Makopo Yanayopigana, nzimanzima.

Mhariri wa kurasa za sanaa, mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, aliisoma makala hiyo akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Shangazi, hii itatuunguza sote."

"Jina langu liko juu. Wewe sema nilikuzunguka."

"Sisemi hivyo hata kidogo." Akaketi, akautuma ukurasa mtamboni.

Jumamosi simu ya Mbishi ililia chai yake ikiwa bado ya moto.

"Umenivua nguo mbele ya watu!"

"Nimechapisha maneno yako, mzee. Sikuongeza hata nukta."

"Jumatatu usikanyage ofisini."

"Nitakanyaga. Sijamaliza safu yangu ya wiki."

Akaenda kweli, uso mkavu. Hakuna aliyemzuia. Toleo la Jumamosi lilikuwa limekwisha mitaani kabla ya saa nne asubuhi, na wajumbe wa bodi walikuwa wamemwambia mwenyekiti wao alimeze jambo hilo kimyakimya. Alilimeza, lakini hakumsamehe. Tangu siku ile, kila walipopishana kwenye ngazi alitazama ukuta.

Baada ya wiki moja, mezani kwa Mbishi kulikuwa na rundo la barua za wasomaji. Wachache walimpongeza. Wengi walimtukana kwa kuthubutu kuugusa ule mwisho. Akavaa miwani, akavuta barua yenye matusi makali kuliko zote, akaanza kuijibu hoja kwa hoja.