Sura ya Saba Iondolewe

Fundi alichelewa kwa sababu ya mteja aliyetaka gauni lipunguzwe kiunoni papo hapo. Alipofika ukumbi wa juu wa maktaba, somo lilikuwa limeshika kasi. Akajibanza nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, jasho linamtoka, daftari mapajani. Watu ishirini hivi walikuwa wamemkazia macho mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwandishi wa riwaya za mapenzi ambaye vitabu vyake havikai dukani. Ndiye aliyemwambia, "Dada, na wewe una maneno. Njoo ujifunze."

"Msomaji wa mapenzi hataki kuambiwa kwamba mtu ameumia," mwandishi alikuwa akisema. "Anataka aone. Sikilizeni sura ya saba ya kitabu changu kipya, kiko kwa mchapishaji."

Akasoma. Mshonaji mwenye kovu la pasi kiganjani anaachwa na mumewe baada ya miaka kumi na mmoja. Mvua inanyesha. Mume ameacha barua chini ya mto. Mwanamke anaisoma, anazimia, kisha wiki nzima anapiga simu kumbembeleza arudi.

Fundi alihisi masikio yakimwaka moto. Miaka kumi na mmoja ilikuwa yake. Kovu la pasi kiganjani lilikuwa lake. Hata jina la utani ambalo mumewe alimwita chumbani, alilomwambia mdogo wake peke yake siku aliyolia hadi sauti ikakauka, lilikuwa limesomwa mbele za watu.

"Huyu mama naye bwege," alisema mwanafunzi mmoja mwenye miwani, na darasa likacheka.

Mwandishi akacheka pia, kidogo. "Ni bwege, lakini mnamhurumia. Hapo ndipo penye kazi."

Fundi akasimama. "Mwalimu, naomba kusahihisha."

Mwandishi alipomwona, mkono ulioshika karatasi ulimshuka taratibu.

"Mvua haikuwepo," fundi alisema. "Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, duka limejaa wateja. Barua haikuwepo. Aliniletea suruali mpya, akasema ni ndefu, nimpindie. Nikampindia, nikaipiga pasi. Akaivaa pale pale, akanishukuru, akaenda nayo kwa huyo mwanamke mwingine. Sikuzimia, nilikuwa na magauni sita ya harusi ya kumaliza. Na simu sikupiga hata moja."

Mwenye miwani alikuwa anatazama viatu vyake.

Somo lilipoisha, mwandishi alimfuata kwenye ngazi. "Dada, nisamehe. Nilibadilisha jina."

"Jina gani? La chumbani umeliacha vile vile."

"Sikujua bado linauma. Miaka imepita." Akamsogelea. "Ila hiyo ya suruali, Dada, ingefaa kuliko barua."

Fundi alimtazama mtoto huyu ambaye yeye, akiwa na miaka tisa, alimbeba mgongoni. Mkono ulimwasha kumzaba kibao. Akauficha nyuma.

"Hiyo hupewi. Na ile sura unaitoa. Mpigie mchapishaji sasa hivi, nikisikia."

"Kitabu kimeshapangwa kurasa. Mkataba unasema..."

"Mkataba uliusaini wewe. Mimi nilisaini wapi?"

Mwandishi akapiga, akaomba sura ya saba iondolewe. Mhariri alifoka hadi sauti ikasikika nje ya simu: kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinasubiri, kitabu kingesogezwa miezi mitano, na safari nyingine asilete hadithi za ndugu bila ruhusa yao. Mwandishi aliitikia ndiyo, ndiyo, naelewa, machozi yakimtiririka. Fundi hakumbembeleza. Alishuka ngazi akaenda zake.

Wiki nzima hawakusemezana. Jumamosi fundi alirudi darasani, akakaa mstari wa mbele, akaweka mezani kurasa nne alizoandika mwenyewe kuhusu asubuhi ile. Mwandishi alizichukua bila hata shikamoo. Mwisho wa somo akazirudisha zimejaa wino mwekundu. Juu kabisa ameandika: "Mume anatoka mlangoni, wewe unakimbilia wateja. Mwanamke alihisi nini? Umemficha."

Fundi aliyasoma maneno hayo mara mbili. Yalikuwa kweli, na hilo lilimuudhi kuliko yote aliyoyasikia wiki iliyopita. Wenzake walikuwa wanapanga viti ukutani. Yeye akageuza karatasi upande mweupe, akaanza upya hapo hapo, meno ameyakaza.