Picha ya Ukurasa wa Arobaini na Saba

Asmahani alipofungua kitabu kipya cha lishe cha Dakta Mohsin, mkuu wake wa zamani chuoni, alikutana na picha zake mwenyewe. Mia na ushee, alizozipiga kwa miaka minne akizunguka toka Pongwe hadi Tongoni. Alikuwa amempa Mohsin azitazame tu. Jina lake halikuwemo hata kwenye shukrani. Damu ilimchemka, na wala hakumwomba Mungu ampe subira. Aliomba ampe nafasi.

Nafasi ikaja kwa barua. Kamati ya kliniki za mama na mtoto ilimtaka, kama mtaalamu wa lishe, akisome kitabu, aje aeleze uzuri na kasoro zake kabla nakala hazijatoka ghalani kwenda vijijini. Alisoma hadi ukurasa wa arobaini na saba, akacheka peke yake. Angeweza kumpigia Mohsin simu amtahadharishe. Hakupiga.

Siku ya kikao Mohsin alikaa mbele, ananukia udi kama bwana harusi. Asmahani alianza kwa sifa. Picha ndizo roho ya kitabu, alisema. Mama asiyejua kusoma ataona sahani ya mwanawe ijazwe nini. Ila maelezo yamebanwa pembeni kwa herufi za kuumiza macho, kwa hiyo picha ikikosea, hakuna cha kumwokoa msomaji. Mohsin alitabasamu. Baradhuli yule alidhani amesamehewa.

"Nani alizipiga, Daktari?"

"Mimi, Bi Asmahani. Wallahi, kila moja, kwa mkono wangu huu."

"Hata hii ya samaki?" Asmahani akafunua ukurasa wa arobaini na saba.

"Hata hiyo. Tongoni hapo."

Chini ya picha paliandikwa: Samaki wa kumwanzishia mtoto. Asmahani akampelekea kitabu Bibi Sabiha, mchuuzi wa samaki aliyealikwa kuwasemea akina mama wa Tongoni. Bibi alisogeza miwani, akashika kifua.

"Yarabi! Si bunju huyu? Sisi tukichambua samaki humtenga juu ya kuti, tukamfukia hata paka wasimpate. Huyu anaua, wanangu!"

Ndivyo Asmahani alivyompiga picha, akiwa juu ya kuti, anangoja kufukiwa. Onyo aliliandika kwenye daftari, na daftari halikuibwa. Mohsin, mtoto wa nyumba kubwa ya Usagara mjini, samaki alimjua akishakuwa ndani ya nazi.

Ukumbi ulichafuka. Mwenyekiti akaamuru nakala zote zichomwe. Asmahani alisikia raha mpaka kwenye meno, wala hakuionea haya.

Mohsin alimkimbilia mlangoni, jasho linamtiririka.

"Dada yangu, nisitiri. Waambie picha ni zako, tulikosea pamoja. Toleo jingine nitaweka jina lako juu ya langu."

Jina hilo ndilo alilolililia tangu alipokifungua kitabu. Alimtazama hadi yule bwana akainamisha kichwa.

"Umekula yamini mbele ya watu kuwa ni zako, Daktari. Mimi ni nani hata nikukadhibishe?"