Sindano ya Mashoto

Sonara huyu jina lake halisi lilikwisha kusahaulika. Alishika tupa, koleo, hata kijiko cha chai kwa mkono wa kushoto, basi mchongaji wa sanamu aliyefanya kazi naye akambandika jina la Mashoto na mtaa mzima ukalidakia. Mchongaji mwenyewe aliondoka miaka saba iliyopita kwenda kufundisha mbali, na miaka saba yote Mashoto alifanya kazi sikio likiwa mlangoni. Alimpenda. Tuseme mapema, tusizungushane.

Walifanya kazi pamoja miaka tisa. Mchongaji alikuwa amechoka kuchonga mawe yasiyopita mlangoni. "Nataka sanamu inayokwenda sokoni na mwenyewe," alisema, akaanza kubuni pini za kuvaa kifuani: kiti cha shaba chenye miguu mitatu, sikio la fedha, mlango ulioachwa wazi kidogo, kila moja ikitosha kwenye kiganja. Yeye alifinyanga umbo kwa nta, wala moto hakuugusa. Mashoto ndiye aliyelitoa umbo kwa shaba au fedha, akalehemu sindano kwa nyuma, kisha akaijaribu kwenye aproni yake.

Hapo ndipo kosa lilipoingilia. Sindano inayomkalia vizuri mtu wa mashoto humtesa kila mtu mwingine. Wateja walijichoma vidole, wakanung'unika. Mashoto alikuja kugundua sababu kwenye pini ya kumi, akaona haya kusema, akaendelea vilevile hadi ya kumi na nane. Na mchongaji, kwa maringo yake yote, aliwajibu wateja, "Sanamu haivaliwi kwa haraka." Wala hakumuuliza fundi wake hata neno moja. Mashoto akaamini kwamba mtu huyu hakuwahi kumwona, si sindano zake wala yeye mwenyewe. Habari za kifo cha mchongaji zilipofika, miezi mitatu iliyopita, kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba sasa hatajua kamwe.

Asubuhi moja dada mkubwa wa marehemu aliingia karakana na kopo la biskuti kwapani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, fundi. Pole na kazi. Unamkumbuka mdogo wangu?"

"Namkumbuka," alisema Mashoto.

"Tunamfanyia maonyesho. Nimezunguka kwa watu kuziazima pini zake mpaka soli za viatu zimekwisha. Lakini hazivaliki, mwenzangu! Mimi nimejichoma mara mbili. Zigeuze sindano zikae kama za watu."

Aliyekosea alikuwa mbele yake, ila hilo dada hakulijua. Mashoto akazitoa pini kwenye kopo, akazipanga mezani. Kiti, sikio, mlango. Alizihesabu zikawa kumi na tisa.

"Mimi nilitengeneza kumi na nane," alisema.

"Hiyo ya mwisho niliikuta ndani ya soksi, kwenye sanduku lake. Sijui ni embe au ni nini."

Mashoto aliishika. Ilikuwa shaba nzito, umbo la mviringo lililoinama, na upande mmoja kitu kama fundo. Akaigeuza. Lehemu ilikuwa imejaa mabonge, imeungua, kazi ya mtu asiyejua kabisa anachofanya. Lakini sindano ilikaa upande wa kushoto. Akaifunga kwenye aproni yake kwa mkono mmoja, bila kutazama. Ilijifunga mara moja.

Ndipo alipoikumbuka siku ile. Ilikuwa wiki ya safari ya mchongaji, naye Mashoto alikuwa na hasira na safari yenyewe. Mchongaji aliingia, kidole kimefungwa bandeji, ngumi imefumbwa. "Umejikata na penseli?" Mashoto alimtania, macho yasibanduke kwenye tupa. "Nina kitu nataka ukione," mchongaji alisema. "Sina nafasi leo, nina kazi za watu." Mchongaji akasimama pale nyuma kidogo, kisha akatoka na ngumi yake. Hakurudi tena.

Kumbe kile kidole hakikukatwa na kitu. Kiliungua.

Mashoto aliinama juu ya meza, ile meza iliyoelekea dirishani, wageni wote wakibaki mgongoni. Aliivua pini aitazame vizuri, machozi yakamzuia kuona chochote.

"Usigeuke," dada alisema nyuma yake. "Kaa hivyohivyo."

Mkono ulipita juu ya bega lake ukaichukua ile pini. Dada alitazama shaba, akatazama shingo iliyoinama, kitambaa cha kichwa na fundo lake upande mmoja, akarudi kwenye shaba.

"Si embe," alisema polepole. "Ni kisogo. Ni wewe, umekaa hapo."

"Sindano yake iko sawa," Mashoto alisema, na hapo akalia kweli, kilio cha miaka saba, bila kuficha uso. "Aliiona, dada. Alikuwa anaiona siku zote. Mimi ndiye ambaye sikugeuka."

Dada alimwacha alie. Alipotulia, alimwinamia akaanza kumfunga pini kifuani, akahangaika nayo, akajichoma mara ya tatu, akaguna. Mashoto alimpokea, akaifunga mwenyewe.

"Zile kumi na nane nitazigeuza," alisema akijifuta macho. "Zitakuwa tayari Ijumaa."

"Na hiyo haiendi kwenye maonyesho," dada alisema, akifunika kopo lake tupu. "Haya, mimi naondoka, wifi."

Mashoto aliiacha tupa mezani, akainuka, akamsindikiza mpaka mlangoni.