Jibu Sahihi Mlangoni pa Kinyongo

Siku ile ilinielemea moyo. Adhuhuri alikuja Zamda, binti wa mdogo wangu Mwanaheri, akaniambia, "Mama mkubwa, mama yu mahututi. Anakuita." Miaka sita hatukusemezana, tangu Mwanaheri alipokosa kuja kwenye arobaini ya mama yetu. Nikamjibu mtoto, "Mwambie nina mtihani jioni." Kisha nikajifungia na riwaya ya watoto tunayosoma katika darasa la watu wazima, hadithi ya ndugu wawili wenye kioo cha ajabu na ufunguo wa mfupa. Nikakariri kila kitu kinaashiria nini, nikaswali alasiri, na usingizi ukanichukua palepale kwenye mkeka.

Nikajiona katika nchi isiyo na jua, majivu yakianguka polepole kama manyunyu. Mwanamke mrefu aitwaye Subira alinishika mkono, akanipitisha katika soko la Kiburi, muuza vioo, na kila kioo kilinionyesha mimi tu, msafi, niliyekosewa. "Usisimame, mwanangu," alisema. "Hapa watu huzeeka wakijitazama." Tukafika kwenye nyumba isiyo na dirisha. Mlangoni aliketi Kinyongo, miguu yake imeota mizizi hadi kizingitini, na ndani nilimsikia Mwanaheri akipumua kwa shida. Majivu yalinifika magotini. Kinyongo akaniwekea ufunguo wa mfupa kiganjani. "Haya, msomi, huu unaashiria nini?"

Nikasimama wima kama darasani. "Unaashiria msamaha baina ya ndugu!"

"Vema kabisa! Mpigieni makofi!" Mikono nisiyoiona ikapiga makofi, nami, Mungu anisamehe, nikatabasamu. "Sasa fafanua. Toa mifano." Nikafafanua, na kila nilipofafanua majivu yalipanda, na pumzi za ndani zikapungua hadi sikuzisikia tena.

Subira akaniinamia sikioni. "Majibu yako yote ni sahihi, mwanangu. Lakini aliye ndani hakukuuliza maana."

Nikautia ufunguo tunduni, majivu yakinifika kinywani.

Nilizinduka nikitokwa jasho, jua likiwa bado halijazama. Nikaelewa kwamba miaka yote nimeuomba msamaha wa Mungu kwa ufasaha, huku nikimnyima ndugu yangu. Saa ya mtihani ilinikuta njiani. Kwa Mwanaheri mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikapiga hodi. Nikapiga tena, na ndani Mwanaheri akakohoa.