Supu ya Kupelekwa Shule

Mwalimu aliagiza kila mtoto alete supu ya miso ya kwao, ile ya rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi, ipimwe chumvi darasani. Bibi Tomeyo aliposikia, roho ilimruka. Huku Akita, kaskazini mwa Japani, supu ya kweli ni ile inayouma ulimi kwa chumvi. Marehemu mumewe Genzo aliinywa hivyo miaka yote, mpaka moyo ukamsimama akizoa theluji uani. Sasa mwanawe Kazunari naye yuko kwenye vidonge vya presha, na bado chupa ya mchuzi wa soya haimtoki mkononi.

Asubuhi Tomeyo akajaza chupa ya mjukuu wake Sumire: supu nusu, maji moto nusu. Aibu ya nyumba haitoki nje, akajiambia, akakaza kifuniko.

Jioni Sumire akaingia mbio, kiatu kimoja huku, kingine kule.

“Bibi! Yetu ndiyo iliyopita zote! Mwalimu kasema kwetu tunajua kulinda moyo!”

Kazunari akacheka hadi akapaliwa. “Supu ya Mama? Hicho kipimo kimelewa!”

“Baba nawe! Mimi niliionja, ilikuwa tamu, hata ladha ya figili niliisikia. Bibi, kumbe unajua! Nipikie ile ile kila siku.”

Tomeyo angeweza kunyamaza, sifa ikapita zake. Lakini alimtazama mtoto yule, ulimi wake haujaharibika bado, na samaki hukunjwa angali mbichi.

“Sikuipika hivyo, mjukuu wangu,” akasema. “Niliitia maji nisiaibike. Yenye chumvi kidogo kweli nitaipika kesho.”

Kulipokucha akachemsha dagaa wakavu na mwani taratibu, akajaza figili, karoti na uyoga. Miso akaitia kidogo, mkono ukimsihi aongeze.

Kazunari akaonja. “Mama, hii supu imefiwa na nani?” Akanyoosha mkono kwenye chupa ya soya.

“Baba, mkono!” Sumire akaihamisha chupa.

Kazunari akamtazama bintiye, kisha akanywa. Akanung’unika, lakini akamaliza.

Sumire akaunganisha viganja, akashukuru kwa chakula kama ilivyo ada. Tomeyo naye akaunganisha vyake, akainama kwa mtoto.

“Ahsante, mjukuu wangu.”

“Bibi, si wewe uliyepika? Mbona unanishukuru mimi?”

“Wacha maswali. Lete bakuli nikuongeze.”