Aya Moja, Majembe Manne

Barua ile ilimkuta Athanasie juu ya kilima cha nyuma ya soko la Pinga, mahali pekee ambapo rezo, mtandao wa simu, ilipatikana. Aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili alielewa. Mara ya tatu hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo hadi utosini.

Chuo kiliandika kwamba mashine yake ya kukagua kazi imekuta aya moja, neno kwa neno, katika insha za wanafunzi wanne wa Pinga. Huo ni wizi. Wote wanne wamesimamishwa. Ila mwenye aya akijitokeza kabla ya Ijumaa saa sita mchana, akathibitisha kwamba wenzake walinakili kwake, yeye ataendelea na wale watatu watafutwa.

Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo. Kilifundisha watu waliokimbia vita kwa njia ya simu: falsafa, historia, fasihi, na namna ya kujenga hoja. Kiliwapokea bila kuwadai karatasi, na kwa Athanasie jambo hilo lilipita falsafa yote. Diploma yake ya sekondari iliungua pamoja na nyumba ya baba yake kule Nyabiondo. Ofisi aliyokwenda kuomba nakala ilimwambia arudi kwanza kwenye shule aliyosomea, akalete barua ya mkuu wake. Shule hiyo haikuwa tena na paa, na mkuu wake hakujulikana alikokimbilia. Vyuo vingine vyote vilitaka ile karatasi. Akifutwa hapa, hakuna mlango mwingine. Angebaki kulima mashamba ya watu kwa kikapu cha mihogo mpaka azeeke.

Na huo wizi ulifanyikaje? Kule kwao Masisi watu hulimiana kwa zamu. Leo majembe yote yako kwako, kesho yako kwa jirani, na hakuna mwenye akili atakayekuambia kwamba shamba si lako kwa sababu majembe yalikuwa manne. Athanasie, Omer, Nyiraneza na Guylain walisoma vivyo hivyo. Walikuwa na simu moja, ya Omer, na waliichaji dukani kwa Mama Kanyere. Jumatatu wote wanne walichimba insha ya Omer, Jumanne ya Nyiraneza, na kuendelea. Walipoulizwa haki ni nini, Athanasie ndiye aliyesema: haki ni mpaka wa shamba ambao jirani yako anauonyesha bila kukosea siku ambayo wewe haupo. Nyiraneza akaongeza habari ya mjane mmoja wa kwao. Omer akapanga sentensi, Guylain akapunguza maneno. Aya ikawa nzuri hata kila mmoja akaiomba kwa insha yake, kama mtu anavyoomba mbegu nzuri ya maharagwe kwa rafiki. Hakuna aliyefikiri kwamba mbegu ikiota katika mashamba manne, wenye mashamba wataitwa wezi.

Jumatano Athanasie alipanda tena kilimani kuuliza kama kuna njia nyingine. Akakuta ujumbe wa mwalimu wao, Mama Hélène: mwanafunzi Guylain amekwisha kudai kwamba aya ni yake peke yake. Mwenye pingamizi alete ushahidi.

Alishuka mbio. Guylain alikuwa dukani kwa Mama Kanyere, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, amekaa juu ya gunia la mchele. Omer na Nyiraneza walikuwa wamesimama mlangoni.

"Guylain, ile aya iko ya nani?"

"Dada, usinipandie vile mbele ya batu."

"Miye nauliza iko ya nani."

"Iko yetu wote. Lakini bo wa chuo wanataka jina moja. Nikaona, afazali mumoja aokoke kuliko wote wane tuzame. Nikimaliza masomo, nitawafundisha."

"Na huyo mumoja, njo wewe."

"Wewe uko mwanamuke. Utaolewa, utapata kwako. Miye nikifutwa, njia yangu iko moja tu: Omate, mu mashimo ya dhahabu. Unataka nifie kule?"

Mama Kanyere alikuwa akipima chumvi. Hakuinua macho. "Guylain, marehemu bwana yangu angekusikia, angekupa kamba ya hapa dukani, ya bure, ufunge huo mudomo."

Omer alicheka kidogo. Athanasie hakucheka.

"Shamba letu la Nyabiondo lilichukuliwa na batu wa bunduki," alisema, "na sikuwa na neno la kuwaambia. Wewe hauna bunduki, Guylain. Uko na simu tu, na simu yenyewe si yako."

Guylain alitazama chini.

Ushahidi Athanasie alikuwa nao. Katika daftari lake aya ile ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake, na tarehe, na maneno aliyoyakata akayaandika upya. Picha moja tu ya ukurasa ule, Guylain angeanguka. Lakini Omer na Nyiraneza wangeanguka pamoja naye.

Alhamisi aliazima simu ya Omer, akakaa kwenye ngazi za parokia, akapiga picha ya daftari. Akaandika: Aya hii ni yangu. Ulikuwa ukweli, na ulikuwa mwepesi kuandika kuliko alivyodhani. Alikuwa bado akiyatazama maneno hayo Omer alipokuja kudai simu yake. Akayasoma juu ya bega lake.

"Haujadanganya," Omer alisema. "Kweli ilitoka kwako. Tuma. Miye sitakukasirikia."

"Afazali ungenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa nini?"

"Kwa sababu wanatuchonganisha kama mbwa juu ya mufupa mumoja, na sisi tunaanza kubweka." Alifuta sentensi ile. "Niachie telefone mpaka jioni."

Ijumaa asubuhi wote wanne walikuwa kilimani. Guylain alifika wa mwisho, akasimama pembeni. Athanasie hakumsalimia. Aliwasomea barua yake polepole. Ilieleza zamu zao siku kwa siku, na nani alileta neno gani katika aya ile. Ilisema kwamba walikuwa hawajaelewa sheria ya kufanya kila mtu peke yake, na kwamba kosa hilo wanalikubali. Ilisema pia kwamba Guylain amedanganya. Iliishia hivi: mkitaka mwizi mmoja, hayupo. Mkitaka kutufuta, tufuteni wanne.

Omer akaandika jina lake. Nyiraneza akaandika lake. Athanasie akamnyooshea Guylain simu.

"Weka jina, ao ushuke."

Guylain aliishika simu muda mrefu. Kisha aliandika jina lake, na chini yake akaongeza: Nilidanganya kwa woga. Athanasie aliyasoma maneno hayo, akaona yanatosha kwa barua. Kumsamehe hakumsamehe. Akatuma.

Walingoja pale pale, njaa ikiwauma, mpaka saa tisa simu ilipolia. Athanasie akaipokea kwa spika wote wasikie. Alikuwa Mama Hélène, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Nimeongea na kamati. Insha hii mtapata sifuri wote wanne. Lakini mnabaki chuoni. Naona ni habari njema."

Nyiraneza alifunga macho akamshukuru Mungu. Guylain alikaa chini kwenye majani. Athanasie peke yake hakubadilika uso.

"Sifuri tunaikubali, Mwalimu. Pembeni ya hiyo sifuri mumeandika nini?"

"Ni neno la mashine tu. Wizi wa maandishi. Linajiandika lenyewe."

"Litabaki mu dosie, mu faili yangu?"

"Ndiyo, lakini nani atalitazama?"

"Yule atakayefungua dosie yangu kesho. Diploma yangu iliungua, Mwalimu. Sina karatasi ingine duniani, na hii mumeandika juu yake kama miye ni mwizi. Nimelala chini ya mahema mara tatu, sijaiba hata ndizi."

"Athanasie, nakuelewa. Lakini fomu hii ina masanduku ya kuchagua. Si mimi niliyeitengeneza."

"Kuko mahali pa kuandika maoni?"

"Papo."

"Andika hapo kama tulifanya pamoja kazi iliyotakiwa kufanywa kila mutu peke yake. Njo kweli. Na ile neno ya mashine, uiombee kamati iondoke. Kama kamati inakataa, waniite miye, nitasema nao."

Omer alimgusa mkono amwambie inatosha. Athanasie akauvuta mkono wake.

Wakasikia mwalimu akiandika, vidole vikigonga.

"Isome," Athanasie alisema.

Mama Hélène akasoma: "Wanafunzi hawa walifanya kwa pamoja kazi iliyotakiwa..."

"Wanafunzi gani? Tuko na majina. Anza tena, uyataje yote mane."