Ukumbi wa Wasio na Kura

Matokeo ya kata yalipobandikwa kwenye mlango wa shule, Marcellin alifunika cherehani yake, akashuka ngazi akiwa na ile fulana ya kijani aliyoishona mwenyewe. Kifuani iliandikwa jina la chama cha Kelly: Mtandao wa Wote.

Chama kilikuwa kichanga, cha vijana waliotaka serikali isipekue simu za watu wala isizime mtandao. Wengi hapo Johannesburg walikicheka. Marcellin hakucheka. Mwaka ule kwao Uvira, Kongo, walipopiga kura, mtandao ulizimwa, na mama yake alikuwa mgonjwa kitandani. Kila asubuhi alimtumia ujumbe wa sauti, na kila asubuhi aliona tiki moja tu: ujumbe haujafika. Tiki ya pili ilikuja mama alipokwisha kuzikwa, simu iko mikononi mwa dada yake. Tangu hapo alitamani jambo moja: mahali popote, hata kama si kwao, mtu achaguliwe kwa ajili ya tiki ile.

Kelly, binti wa msusi Mrundi, alizaliwa Joburg na kupata uraia wa huku. Aliposema anagombea udiwani, Marcellin alimwahidi kumjazia ukumbi wa kanisa, akaujaza. Aligawa fulana, na kwa Wakongo anayepokea nguo ya mgombea lazima aje. Walikuja, wakaimba, na karibu kila mmoja alikuwa na tiki yake ya kusimulia. Kelly aliwajibu kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika, macho yamelowa. Kesho yake akawaambia vijana wake waache kuzunguka kwenye maghorofa kuomba kura, kata imeshapatikana. Alidhani wale watu wana uraia kama yeye. Marcellin naye hakuwaza makaratasi. Kwao, ukumbi ukijaa ni ushindi.

Sasa mlangoni pa shule waliompigia Kelly kura wangeenea kwenye teksi moja, na nafasi ingebaki.

"Papa Marcellin," alisema Hénock, mlinzi wa lango, Mkongo mwenzake, "watu wako walijaa mpaka kwenye ngazi. Siku ya kura walikuwa wapi?"

"Dirishani na mimi. Tuliitazama foleni."

Hénock alitaka kucheka, akaacha. Kelly alikuwa amesimama nyuma yao, wino bado uko kwenye ukucha wa dole gumba. Marcellin aliutazama kupita adabu.

"Inauma?"

"Hapana. Hautoki tu." Kelly alisogea karibu. "Wale wa ukumbini, Papa. Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu. Tulikupenda tu."

Kelly aliitikia kwa kichwa, akamshika mkono kidogo, kisha akaenda kuwashukuru vijana wake.

Kwenye jengo la Marcellin lifti ilikuwa imekufa. Katikati ya ngazi alimkuta MaDlamini, jirani wa mlango wa pili, akipumzika na mfuko wake wa kabichi. Walisalimiana kwa Kizulu, kama miaka yote, salamu tu na kupita. Ukuchani mwa MaDlamini mlikuwa na wino.

"Hiyo fulana," MaDlamini alisema. "Wiki nzima naiona kwenye kamba yako. Ni ya nini?"

"Ya chama. Kimeshindwa."

"Hukuniambia. Mimi nilipigia wale wale wa siku zote, maana hakuna mwingine aliyebisha hodi."

"Niliogopa Kizulu changu, Ma."

"Eish." Alisogeza kabichi ukutani, akapapasa ngazi kando yake. "Basi niambie sasa. Magoti yangu bado hayataki kupanda."

Marcellin aliketi. Alitoa simu, akaitafuta picha ya mama yake, akaikuta, akaiangalia kwanza peke yake. Kisha akamgeuzia.

"Umama wami," akaanza, yaani mama yangu, akatafuta neno la kufuata.